Posa ya Futi Elfu Nne

Kwenye shule yetu ya urubani, katika uwanja mdogo wa ndege nje ya Phoenix, watu huulizana viza kabla ya kuulizana hali ya hewa. Mwaustralia ana viza yake ya peke yake, anatuona sote wajinga. Waliodanganywa na mawakala wakachukua viza ya ufundi, isiyoruhusu kazi, hufunga mabegi mara tu wakipata leseni. Sisi wa viza ya masomo tunaongezewa mwaka mmoja wa kufanya kazi, nao tunautumia kufundisha, tukikusanya saa za kuruka ambazo mashirika makubwa ya ndege yanazidai. Mwaka hautoshi. Kila mtu anajua hautoshi, na kila mtu anadhani yeye utamtosha.

Simrat Dhaliwal, binti wa mkulima wa ngano kutoka Punjab, alikuwa mwalimu mkali kuliko sisi sote. Mwanafunzi akitua vibaya, alimwuliza kama ndege ni ya baba yake. Mwaka wake ulipokaribia kwisha na saa bado haba, shangazi yake wa Fresno akaingilia kati.

"Mwanangu, kuna kijana," Shangazi Parminder alisema kwenye simu, nasi wapangaji wenzake tukisikia yote jikoni. "Ana malori na ana uraia. Ameachwa na mke, lakini si kosa lake."

"Huyo kijana ana umri gani, shangazi?"

"Arobaini na kidogo. Kwani wewe unataka kijana au unataka karatasi?"

Simrat akasema anayemtaka amfuate kazini. Shangazi akakubali, ila asiruke peke yake na mwanamume. Basi mimi, Bishnu Thapa, Mnepali wa watu, nikatupwa kiti cha nyuma cha ndege kulinda heshima ya ukoo usionihusu.

Kulbir Hundal alikuja na kilemba cha rangi ya machungwa na masharubu yaliyopakwa mafuta. Tulipofika futi elfu nne masharubu yalikuwa yameshalegea. Joto la jangwani liliturusha juu chini, naye akatapika kwenye mfuko niliomshikia.

"Si unaendesha lori milimani wewe?" Simrat akamcheka.

"Lori lina adabu, dada. Likizima, linasimama."

Akajifuta mdomo. Kisha akasema, "Nikuulize kitu. Ungekuwa na karatasi zako, ungenitazama?"

Simrat akainyoosha ndege.

"Mke wangu aliondoka wiki ile ile kadi yake ya ukaazi ilipofika. Aliacha chai mezani, bado ya moto. Nilimngoja mpaka jioni, nikidhani ameenda dukani."

Sote watatu tulikuwa tumevaa vipokea sauti masikioni, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha. Nilitamani kumfinya Simrat. Sema ndiyo, mjinga wewe! Mtu alikuwa anaomba kudanganywa, na mimi ningemdanganya bila hata kupepesa macho.

"Nisingekutazama," Simrat akasema. "Sikujui. Leo nakutaka kwa karatasi tu."

"Asante," Kulbir akasema, kisha akatapika tena.

Shangazi alipoambiwa, alilia kwa sauti kuliko msibani. Mwaka wa Simrat ukaisha. Naye alilia, akaitukana serikali, akatutukana na sisi. Kampuni moja ya ndege ya Delhi ilikuwa imemwita kwa usaili, lakini yeye alikuwa amejiona tayari kwenye ndege kubwa za huku, na ndoto hiyo ilimuuma kuiacha.

Siku ya safari yake ya kurudi kwao, Kulbir alitokea mlangoni kwetu na kichwa cha lori bila tela. Hakuna aliyemtuma. Alileta chapati za viazi na achari, tukala njiani tumebanana watatu, Simrat dirishani.

Mbele ya mlango wa abiria, kwenye uwanja mkubwa wa ndege, trafiki akaanza kupiga filimbi, maana pale si pa lori. Kulbir akashusha begi.

"Sasa karatasi zangu hazikufai kitu tena?"

"Hazinifai kitu."

"Basi nipe namba yako ya Delhi."

Simrat akamkodolea macho, kisha akacheka, mara ya kwanza mwezi ule. "Utakujaje huko, na ndege huziwezi?"

"Nitakuja na mfuko wangu."

Simrat akampa namba. Akaingia ndani bila kugeuka nyuma. Trafiki alitujia mbio kwa matusi, nami nikamwambia asubiri, dereva haoni barabara kwa machozi.