Khaki Isiyoloweshwa

Mimi kitambaa chochote nikinunua, kwanza nakilowesha. Wanangu hunicheka, eti siku hizi viwanda vinajua kazi yao. Wacha wacheke.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mkataji katika karakana ya kushona nguo, nyuma ya duka la Mhindi mmoja Nakuru mjini. Alikuwa mzee wa kilemba, mpole wa sauti na mgumu wa masharti, na sisi mafundi sita tulimwita Mzee tu. Sharti lake la kwanza lilikuwa hili: hakuna khaki itakayoguswa na makasi kabla haijalala majini kutwa nzima na kukaushwa uani. Kitambaa cha pamba kikionja maji mara ya kwanza hurudi, yaani hupungua urefu na upana, na Mzee alisema afadhali kirudi mikononi mwetu kuliko mwilini mwa mtoto wa watu. Maduka mengine hayakujisumbua. Kwao nguo ikishatoka mlangoni ni shauri ya mnunuzi. Sisi tulichelewa na tukasemwa kwa kuchelewa, lakini kaptula yetu ilivaliwa na kaka, ikaja kwa mdogo wake, ikaishia kuwa tambara la jikoni.

Basi Aprili moja Mzee akaenda Kisumu kwenye harusi ya mpwa wake, akaniachia funguo. Nilivimba kichwa, sikatai. Tulikuwa na oda ya kaptula na sketi za shule mpya huko Bahati, shule iliyojengwa na wazazi wenyewe. Wengi wao walikuwa vibarua wa mashamba ya wazungu hadi juzijuzi, na sasa walikuwa na ekari zao chache za mahindi na pareto. Watoto walitakiwa kuvaa sare muhula wa pili ukifunguliwa.

Majora ya khaki yalifika pamoja na mvua. Ilinyesha siku tano, na kamba za uani zilikuwa zinachuruzika tu. Nikajiona mjanja. Nikakata kipande cha ukubwa wa kiganja, nikakitumbukiza kwenye kikombe cha maji, nikakikausha kwa pasi, nikakipima. Hakikuwa kimepungua kitu.

"Hii haina shida," nikawaambia wenzangu. "Tukate."

"Na Mzee?" akauliza mama mmoja aliyeanza ufundi pale kabla yangu.

"Mzee ako Kisumu," nikamjibu, kwa sauti ambayo nikiikumbuka naona aibu.

Tukakata, tukashona, tukapiga pasi, tukafunga. Mabaki ya kitambaa hayakutupwa pale kwetu, mafundi tuligawana, na langu nikamshonea binti yangu sketi. Jumapili akajimwagia uji. Nikaifua, nikaianika, na jua nalo siku hiyo likaamua kuwaka. Alipoivaa tena, kifungo hakikufika kwenye tundu. Nikamgombeza kwamba amenenepa. Amenenepa kwa siku moja!

Kisha nikatoa tepu. Kiuno kilikuwa kimepungua inchi moja na nusu. Hapo ndipo nilipoelewa ujinga wangu: kipande cha kiganja hupungua kidogo tu, na pasi yangu ilikuwa imekivuta hata hiyo tofauti ikafichika. Kiuno kizima ni mambo mengine.

Nikakaa kitandani nikalia. Nilikuwa nikimlea yule mtoto peke yangu na kazi ile ndiyo iliyotulisha. Sare zingepelekwa Bahati Jumanne, na hakuna ambaye angejua hadi zifuliwe. Hata hapo ningeweza kusema wazazi wamezichemsha. Nililifikiria hilo, tena kwa muda mrefu. Ila kila nilipofikiria, nilimwona mtoto wangu akivuta tumbo ndani ili kifungo kifunge.

Jumatatu Mzee alirudi. Nikaiweka ile sketi mezani kabla hata ya kumuuliza habari za harusi.

"Mzee, nimekata bila kulowesha."

"Ngapi?"

"Zote."

Akavua miwani, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Kihindi: "Wewe najua sababu ya maji?"

"Najua, Mzee."

"Basi hii ni mbaya zaidi."

Saa ya chai akatuamuru tufungue kila furushi na kulowesha kila nguo. Zilipokauka, akatuonyesha jambo ambalo kwa hofu yangu sikuwa nimeliona: nguo zote zilikuwa zimeteremka saizi moja tu. Za darasa la tano, la juu kabisa, zingewatosha wa la nne, za nne wa la tatu, hivyo hivyo hadi chini, na zile ndogo kabisa wangevaa wa nasari, ambao hawakuwa kwenye oda. Hakuna hata moja iliyoharibika. Waliobaki bila sare ni darasa la tano peke yao, na hao tungewashonea upya kwa khaki ya Mzee mwenyewe. Nilishusha pumzi. Lakini kuhusu kazi yangu hakusema neno, nami sikuthubutu kuuliza.

"Wazazi lazima naambiwa," akasema. "Na wewe nakuja."

Tulikwenda kwa pikapu yake. Wazazi walikuwa wamekaa kwenye madawati ndani ya darasa lisilo na madirisha. Mzee akasimama, akawaeleza kwamba nguo za darasa la tano zitachelewa, na kwamba kosa ni la duka lake. Akaishia hapo. Hakunitazama hata kidogo, na hilo ndilo lililonishinda.

Nikasimama. "Niliyekata ni mimi. Nilijua inatakiwa kuloweshwa, na sikulowesha."

Mama mmoja wa mbele, aliyevaa gambuti za shambani, akanikagua kutoka kichwani hadi viatuni.

"Na hizo zingine, nani atakata?"

Nikamgeukia Mzee. Akaitikia kwa kichwa, mara moja.

"Mimi," nikasema.

"Utalowesha?"

"Nitalowesha."

Yule mama akatoka nje, akarudi akimvuta mkono binti yake mrefu wa darasa la tano aliyekuwa akinikwepa macho, akamsimamisha mbele yangu.

"Haya, pima huyu. Na umwachie pindo kubwa, bado anakua."

Nikapiga magoti chini na tepu yangu, nikaanza na kiuno, uso nimeuinamisha ili wasione machozi.