Mwali Mwenye Ndevu

Saa saba mchana, jua la Kibaha likiwa utosini, Mwanahalima Zahoro anavua ndara mlangoni na kuingia peku katika chumba cha giza hospitalini. Anasubiri macho yazoee. Kisha anamsogelea mgonjwa bila kumsalimu.

Kwao Kisarawe, kumkuta mgonjwa ukakosa kumpa pole ni utovu wa adabu. Humu ndani, pole ingeweza kumuua.

Mgonjwa ni Pazi, mkulima wa Mbwawa aliyechomwa mguu na msumari wenye kutu. Pepopunda imemfunga taya na kumkaza mgongo. Mlango ukibamizwa tu, mwili wote unakakamaa, pumzi inakatika.

Dawa ya kulegeza misuli na mpira mwembamba wa kupitishia uji puani vimekuja na Sista Inger, muuguzi kutoka Denmark. Ndiye aliyeandaa chumba hiki cha wagonjwa mahututi, akaweka mapazia meusi na kibao mlangoni: KIMYA.

"Ndugu za Pazi walikisoma kwa sauti," anasimulia Mwanahalima, mhudumu wa wodi, akijizuia kucheka. "Halafu wakaingia wote. 'Kaka, pole! Umeamkaje? Watoto wanakusalimu!' Kila pole, anakakamaa. Mwisho midomo ikabadilika rangi. Sista akampulizia hewa kwa mfuko wa mpira mpaka akarudi."

Sista Inger alitaka ndugu wazuiwe getini. Nao, kwa hasira, wakaanza kukunja mkeka wamrudishe mgonjwa nyumbani. Huko asingemaliza siku.

"Niachie mimi, Sista," Mwanahalima akasema, akatoka barazani kwa Mwanaamina, dada mkubwa wa Pazi.

"Shikamoo, dada. Pazi hatujamficha. Tumemweka ndani. Ni mwali."

"Mwali!" Mwanaamina akaangua kicheko. "Na ndevu zile?"

"Na ndevu zake. Wewe ulipowekwa ndani, nani alikuja kukupigia kelele?"

"Nani angethubutu? Somo wangu alikuwa mkali kama pilipili."

"Basi somo wa Pazi ni mimi."

Kicheko kikakoma. Kwa Wazaramo, msichana aliyevunja ungo huwekwa ndani; haoni jua, hasemeshwi ovyo, na somo wake ndiye anayemwangalia mpaka atolewe kwa ngoma. Mkeka ukakunjuliwa.

Sista Inger akataka aelezwe yote, akauliza hili na lile, kisha akaongeza lake: jamaa wamchague mmoja afundishwe kumgeuza mgonjwa taratibu. Akachaguliwa Mwanaamina. Kibao kikashushwa, ikatundikwa kanga, ishara kwamba ndani mna mwali.

Leo Mwanahalima anagusa shavu la Pazi kwa kidole. Taya limeachia kidogo. Sauti inatoka, nyembamba kama ya mtoto.

"Somo... nitatoka lini?"

"Mwali haulizi," ananong'ona, akimfuta jasho. Macho yake mwenyewe yamelowa.

Nje, anaeleza anachokitamani: chumba kama hiki Kisarawe. Sista Inger ameahidi kumfundisha kuutumia mfuko wa hewa peke yake. "Yeye ana mashine na dawa, mimi nina watu wangu. Mmoja wetu angekosekana, Pazi asingekuwepo."

Chini ya benchi la barazani zimelazwa ngoma tatu, zimefungwa kwa kanga. Mwanaamina amekwisha kuziazima.

"Hapa hapigi mtu," anasema, akiziwekea mguu. "Tutampeleka polepole mpaka Mbwawa. Huko, somo, utacheza mpaka ukome!"