Nilinyamaza kwenye posa ya binti yangu, ilhali mimi na kaka wa mposaji tunakunywa methadoni kliniki moja

Wakuu, heshima kwenu. Walionizidi umri, shikamooni.

Ninayoyaandika ni kweli tupu. Nimebadilisha majina tu, kwa sababu aibu hii ni yangu na si haki kuigawa kwa wengine.

Mimi ni mstaafu wa serikali. Utumishi wangu wote ulikuwa masjala, na nimewahi kuwarudishia wakubwa barua zao kwa sababu ya tarehe isiyo sahihi. Kwa hiyo naomba nisikatizwe kabla sijamaliza.

Baada ya kustaafu nilianguka nikavunjika nyonga. Nikaandikiwa vidonge vikali vya maumivu, vya jamii ya afyuni. Maumivu yalikwisha, lakini mimi sikuviacha vidonge. Nikawa navinunua kwa kificho, leo duka hili, kesho duka lile. Siku nilipovikosa nilitetemeka na kutapika hadi mke wangu, Mama Neema, akadhani ni malaria.

Ndivyo nilivyofika kliniki ya methadoni, dawa ya kumwachisha mtu unga na vidonge vya namna hiyo. Kila asubuhi unakunywa dozi yako mbele ya muuguzi, kisha unaondoka. Nyumbani, mtaani kwetu Kikuyu, nilisema ninahudhuria kliniki ya presha.

Sitaficha kwamba nilikasirika sana. Mtu wa hadhi yangu kupangwa foleni moja na vijana wa unga! Nilimweleza muuguzi, kwa lugha ya kiofisi kabisa, kwamba ingefaa pawepo na dirisha la wazee.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mbele ya watu, "Mzee, umepata choo leo?"

Sikuwa nimepata, wala jana yake.

Kwa wasiojua: dawa hii hukausha kinywa, hufunga tumbo na huamsha hamu ya sukari. Mimi nilikuwa nashindia chai iliyokolea sukari, mkate mweupe na soda, nikidhani nautibu udhaifu.

Muuguzi alitufundisha hivi: maji ya kutosha, ugali wa uwele au mtama badala ya sembe iliyokobolewa, maharage, mboga za majani, mlenda, papai. Kula kidogo kidogo hata kama hamu haipo. Na tumbo likifunga mwambie mhudumu, usijipunguzie dozi.

Nilidharau. Mlenda mimi niliuacha kijijini siku nilipopata ajira.

Aliyenibadilisha ni kijana tuliyekuwa tunakaa naye benchi moja. Nitamwita Yona. Alikuwa anakuja na papai lililokatwa kwenye kikopo cha plastiki.

"Kula, mzee. Papai halina cheo."

Nikala huku nikitazama pembeni. Baada ya siku chache tumbo likafunguka, nami nikawa naliwahi benchi lile mapema. Hakuwahi kuniuliza jina wala nyumbani ni wapi. Nami sikumuuliza.

Sasa, binti yangu Neema akapata mchumba. Wageni wa posa wakaja: mshenga, mzee wa kutoka Hombolo ambaye ni baba mkubwa wa kijana, na ndugu kadhaa. Niliposimama mlangoni kuwapokea, wa mwisho kuingia alikuwa Yona. Kumbe ni kaka wa mposaji.

Akanipa mkono kama mtu tusiyejuana. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nikajibu.

Chakula kikaletwa. Pilau, kuku, makreti ya soda. Yona akachukua mboga za majani, papai na maji. Mkono wangu nao, kwa mazoea, ukaenda kwenye papai.

Dada yangu, shangazi yake Neema, ana mdomo. Akasema, "Ninyi wawili mbona mnakula kama mmelazwa wodi moja?"

Watu wakacheka. Mimi na Yona tulicheka kuwazidi wote.

Baada ya chakula yakafuata maswali ya ukoo, kama ilivyo desturi yetu. Mdogo wangu Mathayo, aliyekuwa msemaji wetu, akauliza, "Kwenu kuna mwizi, mchawi, au mtu wa unga?"

"Hakuna," mshenga akajibu. "Sisi tunalima zabibu, na hata hizo tunauza tu, hatunywi. Na kwenu?"

Mathayo akakaa vizuri. "Ukoo huu haujapata kuwa na mlevi wa aina yoyote, tangu babu yetu alipokuwa karani kwenye boma la Mjerumani."

Majigambo hayo ni yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Ndipo Yona akaweka glasi ya maji chini, akamtazama mshenga. "Baba mkubwa, nisamehe. Mimi nipo. Nilitumia unga, sasa niko kwenye methadoni. Sitaki shemeji aje kuyasikia kwa majirani."

Hakunitazama hata kidogo.

Mathayo akamgeukia mshenga. "Hilo mlipanga kutuambia baada ya mahari?"

Kisha wote wakanigeukia mimi, baba wa binti. Neema alikuwa amesimama mlango wa jikoni ameshika sinia.

Nikasema, "Tutawajulisha."

Neno la ofisi, wakuu. Nimelitumia miaka yote kuwaondoa watu nisiotaka kuwajibu. Siku ile nilimwondoa kijana aliyekuwa akinilisha.

Asubuhi yake nilimkuta kwenye benchi. Akasogea kunipisha, akafungua kikopo. "Kula, mzee."

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Ya kliniki yanabaki kliniki. Kila mtu hujitaja mwenyewe."

Nikala, nikamrudishia kikopo. Nikarudi nyumbani nikamweleza Mama Neema yote, tangu vidonge. Alikuwa anachagua mchele, akaweka ungo chini. Kisha akasema, "Mimi nilijua una mwanamke. Mgonjwa gani wa presha anapiga pasi shati kila asubuhi?"

Ndipo akalia. Jioni akapika ugali wa uwele na mlenda, na bakuli la sukari sikuliona tena mezani.

Tukawaita wageni upya. Nilisimama mwenyewe, bila msemaji. "Mdogo wangu aliwaambia tangu Mjerumani. Kumbukumbu hiyo ilikuwa sahihi hadi nilipovunjika nyonga. Naomba irekebishwe. Kwetu yupo mmoja, naye ni mimi."

Mathayo alitoka nje, na hadi ninapoandika hatujasemezana. Neema alitazama chini. Mshenga akakohoa, akasema, "Basi tumelingana. Tuendelee."

Dada yangu akasema, "Si nilisema wodi moja?"

Nilichojifunza: dawa peke yake haimjengi mtu, na chakula anachokula kwa kujificha hakimjengi vilevile. Mwenye mgonjwa wa aina hii asimtengee sahani chumbani. Amkaribishe kwenye sinia la wote.

Wenye uzoefu, karibuni mtuambie nyumbani kwenu mnapika nini. Wenye matusi nanyi karibuni, nimeshayazoea kwa dada yangu.

Na kwa atakayeuliza kama yule muuguzi: ndiyo, leo nimepata.