Soya Si ni Soya?

Kaka yangu hajui kusema uongo, na hilo ndilo lililotuponza. Angekuwa mwongo tungemshuku.

Analima mahali paitwapo Kwanza, karibu na mpaka. Msimu huo alitualika, mimi kutoka Kitale na mama kutoka Kamukuywa, tukaone maajabu. Na kweli tuliyaona. Alikuwa amepuliza dawa ya magugu juu ya shamba zima, soya na kila kitu, bila kukwepa. Magugu yalikuwa yamekauka, lakini soya ilisimama kijani, imenawiri, utadhani ilinyeshewa mvua tu. Nilipigwa na butwaa. Nimepalilia soya tangu utotoni, najua mgongo unavyolia, na hapa jembe halikuwa limegusa kitu.

"Mama, hii dawa haiui soya," kaka alisema. "Si unaona mwenyewe?"

Mama aliona. Siku hizo alitembea ameshika kiuno, na kaka, kwa mapenzi, akampa chupa ya ile dawa aende nayo nyumbani. Mbegu hakumpa. Ya nini? Mama alikuwa na yake, soya ndogo ya manjano yenye doa jeusi, aliyoachiwa na mama mkwe. Nusu ya wanawake wa kijiji chetu walianza kulima soya kwa mbegu aliyowapimia yeye. Mwaka huo mvua ilikuja vizuri, naye alikuwa ameshapanda yote.

Nilipofika Kamukuywa wiki chache baadaye, nilidhani nimekosea boma. Shamba lote limekufa. Magugu chini, soya chini, majani yamejikunja. Mama alikuwa ameketi mlangoni.

"Soya si ni soya?" aliniuliza.

Niliingia shambani.

Niling'oa mashina machache nikayapeleka Bungoma kwa afisa wa kilimo. Akauliza kama mbegu ilikuwa ile ile ya kaka. Nikasema la. Akatikisa kichwa. Dawa ile huua soya kama inavyoua magugu, alinieleza. Ya kaka ilipona kwa sababu mbegu yenyewe ilibadilishwa vinasaba ili ivumilie sumu hiyo. Na mbegu ya namna hiyo haijaruhusiwa kupandwa kwetu. Kaka aliuziwa na mchuuzi, katika gunia lisilo na maandishi, akaambiwa dawa haiui soya, naye akaamini dawa ndiyo yenye akili.

Mimi si adui wa sayansi. Mbegu ya kumpumzisha mama yangu mgongo ningeipokea kwa mikono miwili. Lakini jamani, mtu anauziwaje kitu kama hicho bila hata kuambiwa ni nini?

Tulitafuta mbegu ya mama kijiji kizima. Wale aliowapa zamani walikuwa wameshaila au kuiuza, wakijua kwake haikosekani. Msimu wa pili ulipokaribia, kaka alikuja na debe la soya yake, macho mekundu. "Panda tu hii, mama." Mama alimshukuru, akaliacha pale pale sebuleni.

Jirani aliyekuwa safarini tulipokuwa tukitafuta mbegu akabisha hodi, kopo mkononi. Kwetu mbegu hanyimwi hata adui. Anayekunyima mbegu amekutakia njaa.

"Mama, nimekuja ile mbegu yako. Yangu panya ilimariza."

"Mbegu sina," mama alisema.

Jirani aliliangalia debe lililojaa soya, kisha akamwangalia mama. Nilitamani ardhi inimeze.

"Hiyo siijui," mama akasema haraka. "Siwezi kukupa kitu sikijui, mwanangu. Iliniulia shamba."

"Ati soya iue soya?" Jirani alicheka bila furaha. "Kama ni kuninyima, mama, ninyime tu."

Mama alimfuata hadi langoni akimwita kwa sauti. Hakugeuka. Hadi leo jirani huyo hupita njia ya juu asipite langoni petu, na kijijini mama yangu anaitwa mchoyo.