Siku Tatu za Griffins Kando ya Bahari

Mkwe wangu Griffins anakaa Donholm. Hawezi kupumzika bila ratiba. Hata usingizi ameuwekea kengele.

Marehemu mke wangu, Ayuma, aliuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni Makongeni miaka ishirini na saba. Hakuamini bahari ina chumvi. "Chumvi yote hiyo nani alinunua?" Alipolazwa akaniambia, "Ukifika huko siku moja, onja. Uniambie ukweli."

Tulimzika Machi. Agosti binti yangu Mideva akasema, "Baba, unakuja nasi Pwani. Griffins amepanga."

Nikaingia kwenye gari. Nilikuwa na kazi moja tu, kuonja.

Siku ya kwanza tulipanda vilima vya Shimba. Griffins alipanda na fimbo mbili, na miguu yake mizima. Mimi nilitembea kutoka Mukuru kwa Njenga hadi kiwandani mpaka nikastaafu. Sikujua ni starehe.

Kule juu akanyoosha kidole. "Mzee, bahari ile pale!"

Ilikuwa nyembamba kama utepe.

"Tunashuka saa ngapi?"

"Haiko kwa ratiba ya leo."

Tulifikia nyumba ya wageni, chai ya asubuhi ndani ya bei. Vyumba viwili, paa moja. Kwetu sisi Waluhya, mkwe halali paa moja na baba wa mkewe, wala haoni magoti ya mzee huyo. Nikasema nitalala kwenye gari.

Griffins akacheka. "Mzee, hayo mambo ya ushago tuliyaacha Kibwezi!"

Nililala kwenye gari. Vizuri. Kengele yake haikunifikia.

Siku ya pili ilikuwa gari, picha, gari. Bahari ilikaa kushoto kwetu siku nzima, kama jirani msiyesalimiana.

Siku ya tatu ratiba ilisema chai, kisha Nairobi. Nyumba ya safari hii ilikuwa karibu na ufuo. Mawimbi nilikuwa nayasikia. Griffins alilipiga yai picha mpaka likapoa. Mideva akageuza sahani ili nanasi lionekane.

Nikainuka.

"Mzee, unaenda wapi? Dakika kumi tunatoka!"

Nikashuka ufuoni. Kwenye maji nikavua viatu, nikakunja suruali mpaka juu ya magoti. Griffins alikuwa anakuja mbio, simu mkononi. "Simama hapo hapo nikupige mo—"

Akaona magoti. Akageuka kama aliyemwagiwa uji wa moto. Akanipa mgongo, simu kifuani.

"Mzee," akaita akiitazama minazi, "umemaliza?"

"Bado."

"Na ratiba?"

"Ingoje."

Nyuma yake Mideva alikuwa amekaa chini kwa kicheko.

Nikachota kwa kiganja. Nikaonja. Nikachota tena, maana Ayuma angeuliza kama nina hakika.

Yana chumvi, Mama Mideva. Nyingi. Aliyeinunua sijamwona.

Kisha nikakunjua suruali. Griffins sikumwambia. Nilimwacha na minazi yake kitambo kidogo, apumzike.