Kinanda Kisichovuta Pumzi

Fundi vinanda alizeekea kazini, na hakuna kitufe alichokidharau kama kile cha "sauti za watu". Mwalimu wa kwaya alikipenda hicho mpaka akawafukuza waimbaji wake, eti wanachelewa mazoezi. Mtu mzima ovyo! Leo kamwita fundi, analalamika kwamba kila wimbo ukifika penye kituo, unakufa.

"Waimbaji wako hapo walikuwa wanavuta pumzi," fundi alimwambia. "Ule ukimya nao ulikuwa wimbo. Hiki kinanda kitavuta pumzi kwa pua ipi?"

"Basi kirekebishe, mzee wangu."

Fundi akamtazama toka utosini hadi unyayoni, akasonya, akachomoa ukutani waya wa kinanda kilichokuwa bado kinalia. Ukumbi mzima ukanyamaza.

"Tayari," akasema. "Hakijawahi kuimba vizuri hivi."