Machozi ya Formoli

Mwanangu, iko asubuhi moja ya mvua ambayo haijanitoka kichwani. Nilikuwa kijana, nafanya kazi katika labo ya hospitali moja hapa Bukavu. Sikusoma sana. Nilijua kutengeneza formoli, ile dawa ya kuhifadhia kipande cha nyama ya mgonjwa kisioze kabla ya kupakwa rangi na kutazamwa kwa mikroskopi: kipimo kimoja cha dawa kali, tisa vya maji, dirisha wazi.

Siku ile dirisha lilifungwa. Ni mimi nililifunga kwa ajili ya mvua, ao ni shefu wangu, Papa Bahati? Kila nikikumbuka najipendelea, basi tuseme ni sisi wawili.

Kumimina tu, mvuke wa dawa ukanipiga, macho yakawaka, makamasi yakashuka. Nikakimbilia mlango kutafuta hewa.

Nje ilikaa familia ya Papa Murhula, mkulima wa Kalehe. Daktari alikuwa ametoka kumkata kipande cha uvimbe shingoni, nao walingoja kwa hofu kujua kama ni ugonjwa mbaya. Wakaniona nalia. Sauti haikutoka; nikapunga mkono kusema hakuna kitu. Wao wakaelewa Murhula amekwisha kufa. Mke wake akapiga yowe, dada zake wakajitupa chini.

Murhula mwenyewe alikuwa ameenda choo. Akarudi na bandeji yake, akakuta kilio, akakaa akalia pamoja nao, maana adabu ni adabu. Kisha akamwinamia shemeji yake.

"Shemeji, tunalia nani?"

"Ni weye, Murhula."

"Mimi? Na hakuna mutu aliniambia!"

Mke wake akafungua jicho moja. "Na weye, unaenda choo bila kuaga?"

Papa Bahati akatoka, naye machozi tiririri. "Mutoto, hapa watu wanasoma sura yetu mbele ya kusoma karatasi ya majibu. Usiwafungulie mlango na uso ule." Alinisema kwa haki, ijapokuwa uso wake ulikuwa uleule.

Nikafungua dirisha, nikapima dawa upya, mvua ikinilowesha. Ningekosea, kipande kingeoza na mzee angekatwa tena. Majibu yalipokuja, uvimbe haukuwa mbaya. Murhula alituletea mkungu wa ndizi: "Ni za matanga yangu."

Mwanangu, ukibeba habari ya mtu, fungua dirisha, panguza uso, kisha useme kwa mdomo, si kwa mkono. Sijui kama hiyo yatosha kuitwa nasaha. Ndiyo niliyo nayo. Mungu akupe machozi ya formoli tu, yanayokauka ukipata hewa. Na siku watu wakikulilia, akujalie uwe umeenda choo.